Kabla ya Kukutana na Mwekezaji Mara ya Kwanza

Mwekezaji si benki. Benki hudai mkopo urudi na riba. Mwekezaji hununua sehemu ya kampuni, na kampuni ikianguka, pesa zake huanguka nayo. Ndiyo maana maswali yake huwa mengi.

Linalowatatiza wengi ni la thamani. Akitoa shilingi milioni 2 ili apewe asilimia 20 ya hisa, kampuni imethaminiwa milioni 10, pesa zake zikiwa ndani. Bila pesa hizo ni milioni 8. Je, mauzo yanaonyesha hivyo? Hesabu hii ifanyiwe nyumbani, si mbele ya mgeni. Taarifa ya Lipa na M-Pesa ya miezi 12 humshawishi kuliko makadirio ya miaka mitano.

Jina la biashara lililosajiliwa halitoshi, kwa kuwa halina hisa za kuuza. Lazima kuwe na kampuni, PIN ya KRA na CR12, hati inayoombwa kupitia eCitizen na kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama kuna ndugu aliyeahidiwa sehemu kwa mdomo, wakubaliane mapema na kuandikiana. Mambo hayo yakizuka baadaye huvunja mapatano.

Mwenye biashara naye aulize: mwekezaji amewekeza wapi kwingine? Anataka kiti katika bodi? Atauza hisa zake lini? Asitie sahihi siku hiyo. Na anayeitisha "ada ya kushughulikia faili" kabla ya kutoa hata shilingi moja, aagwe mapema.