Malindi na Mvita: Ngome ya Wareno Iliingiaje Mjini Mwetu?



Katika mabaraza yetu imezoeleka kusemwa kwamba Wareno waliutawala mji huu kwa sababu walikuwa na mizinga na merikebu kubwa, nasi hatukuwa nazo. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Mizinga huvunja kuta na kuchoma nyumba, kisha mwenye mizinga hutweka tanga akenda zake. Ili akae miaka mia hana budi apate jirani wa kumpa maji, chakula, rubani na khabari. Jirani huyo Mreno alimpata Malindi, na yaliyomfika jirani huyo baadaye ndiyo darsa yetu ya leo.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, akaondoka katika hali ya uadui. Malindi akapokewa kwa heshima, akapewa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Watu wa Malindi walikuwa Waislamu kama sisi, kibla chao na chetu ni kimoja. Lakini Mombasa ilikuwa na bandari yenye kina, na biashara ya pembe na nguo za Kihindi ilimiminika huku, nao wakaona kijicho. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wetu akautia moto. Mfalme wa Mombasa akamwandikia barua mfalme wa Malindi kumweleza msiba ule. Kila nikiikumbuka barua hiyo hustaajabu: aliyepigwa amlilia nduguye, na nduguye ni sahibu wa mpigaji! Mwaka 1528 Nuno da Cunha alipokuja kuuteka mji mara ya pili, watu wa Malindi walikuwamo katika jeshi lake.

Baadaye pwani yetu ikawa mpaka baina ya dola mbili: Wareno waliokaa Goa, na Waturuki waliotawala Yemen na Bahari ya Sham. Mwaka 1585 alikuja amiri wa Kituruki, jina lake Mir Ali Bey, na miji mingi ikampokea, isipokuwa Malindi. Mwaka 1587 Wareno wakaja kulipiza kisasi: Faza ikaangamizwa, na Mombasa nayo ikatekwa nyara. Baadhi ya ndugu wakisikia jina la Mturuki hudhani alikuja kwa ajili ya dini tu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia za waja wake. Lililo dhahiri ni kwamba safari ile ya kwanza aliondoka na mali nyingi, akaiachia miji kulipa gharama ya urafiki wake.

Alirudi na merikebu tano, akajenga buruji hapa Mombasa. Mwezi wa Machi 1589 manowari za Wareno zikatokea Goa, na wakati huo huo Wazimba walikuwa wamesimama ng'ambo ya bara wakitaka kuvuka. Mji ukabanwa pande mbili. (Wareno wameandika kwamba Wazimba walikuwa wala watu, msomaji akumbuke ni nani aliyeshika kalamu.) Mir Ali akakamatwa, mwisho akapelekwa Lisbon.

Hapo ingefaa miji miwili hii itafute suluhu. Wapi! Mombasa, na majivu hayajapoa, ikatoka kwenda kuipiga Malindi. Wasegeju waliokuwa upande wa Malindi wakawashinda watu wetu na kuuteka mji, na Wareno wakaingia katika mlango ulio wazi. Aya ya 46 ya Suratul-Anfal imeeleza mzozo unavyowafanya watu walegee na nguvu zao zipotee. Sijui kama iko taarikh inayoifasiri wazi kuliko hii yetu.

Mwaka 1593 ukawekwa msingi wa Ngome. Mfalme Ahmad wa Malindi akahamia Mombasa, akakalishwa katika kiti cha mahasimu wake na kuahidiwa fungu la ushuru wa bandari. Malindi ilikuwa imepata iliyokuwa ikiyatamani karibu miaka mia, ila kiti chenyewe kilikuwa chini ya midomo ya mizinga.

Mwanawe Hasan alipotawala akazozana na mkuu wa Ngome, akakimbilia bara. Mwaka 1614 watu wakahongwa wamuue, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Huyu ni mjukuu wa urafiki ule wa 1498! Mtoto wake mdogo Yusuf akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kuwa mfalme. Imepokewa kwamba alionekana akimwombea babake kaburini kwa dua ya Kiislamu, na khabari ikamfikia mkuu wa Ngome. Mwezi wa Agosti 1631 akaingia Ngomeni na watu wake, akamuua mkuu huyo na kurudi katika Uislamu. Waliouawa siku zile walikuwamo wanawake na watoto, na jambo hilo sharia yetu hailijuzishi hata vitani. Hatuwezi kulisifu kwa kuwa aliyelitenda ni wetu. Mwaka 1632 Wareno walimhusuru wakashindwa, lakini yeye mwenyewe akaona hawezi kukaa, akauharibu mji na kuondoka kwa bahari. Wareno wakarudi, na mkuu wao akaandikisha katika jiwe, juu ya lango la Ngome, sifa za miji ya pwani aliyoiadhibu. Jiwe lipo, na watoto wetu hupita chini yake.

Waomani waliihusuru Ngome tangu Machi 1696 mpaka ikaanguka Disemba 1698, nayo mashuhuri mno kuhitaji kurefushwa. Lisilosimuliwa sana ni lililofuata. Haikupita miaka thalathini, Pate ikazozana na Waomani, na mfalme wake akatuma Goa kuwaita Wareno. Wakaja mwaka 1728, wakapandisha bendera yao tena juu ya Ngome, wakawadhulumu wenyeji kama ada yao. Mara hii watu wa Mombasa hawakungoja merikebu ya Mturuki wala ya Mwomani. Mwaka 1729 waliizunguka Ngome wao wenyewe, wakawakatia chakula waliokuwa ndani, na kabla ya mwaka kwisha Wareno wakatoka wasirudi tena.