Paa la Kanisa na Maji ya Jirani

Somo la mara hii linahusu kanisa na kijiji chake. Hatusemi juu ya kanisa kubwa la mjini lenye magari na ofisi. Tunasema juu ya ushirika wa kawaida: watu sitini au mia moja, nyumba ya mabati, mabenchi, kwaya, chama cha akina mama, na mchungaji au katekista ambaye pengine ana makanisa mengine matatu ya kuangalia. Ushirika kama huo, ukiwa na moyo wa maendeleo, waweza kuwafanyia nini jirani zake? Sisi twaamini ni mengi. Lakini kuna swali moja ambalo ni lazima ulijibu mapema, nalo tutalifikia kwa njia ya hesabu ya maji.

Kuanza na kile kilichoko

Mahali pengi watu wakisikia neno "mradi", jambo la kwanza kuwajia ni barua ya kuomba msaada. Kamati inachaguliwa, barua inaandikwa, halafu watu wanangoja. Wengine wamengoja hata wakasahau walichoomba. Hebu tuanze upande ule mwingine. Nendeni mkaliangalie kanisa lenu siku ya Jumanne. Limefungwa kufuli. Ndani kuna mabenchi na pengine ubao, nyuma kuna choo, na nje kuna mti wa kivuli. Ukiondoa shule, hakuna nyumba nyingine kijijini yenye ukubwa huo. Siku sita kwa wiki inakaa bure, na huku kikundi cha akina mama kinakutana nje mvua ikiwatisha, na mhudumu wa afya wa jamii anapima watoto kando ya barabara.

Kufungua mlango hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mtu mwaminifu wa kushika funguo, daftari la kuandika ni nani ametumia nyumba siku gani, na mapatano ya kufagia. Basi.

Lakini mali kubwa zaidi iko juu ya mlango huo, na wengi hawaitazami. Ni paa. Katika sehemu kavu, kama vile Ukambani na Kajiado na bara ya Kilifi, mama huenda mwendo mrefu na punda au na mtungi mgongoni kutafuta maji, na huku mvua ya msimu mzima imeteremka kwenye mabati ya kanisa ikachimba mtaro na kwenda zake mtoni.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuseme kanisa lenu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. (Pimeni chini, kwa kufuata ukingo wa paa, msipande juu kupima mteremko.) Hizo ni mita 160 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 italeta lita 4,000. Toeni sehemu moja kwa tano, maanake maji mengine humwagika au hukauka. Mtabaki na lita 3,200, yaani mitungi 160 ya lita 20, kwa mvua moja tu! Mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, paa hilo hilo linaweza kutoa kama lita 76,800. Hiyo ni mitungi 3,840.

Mambo ya ufundi hatutayarefusha hapa. Fundi wa karibu anayajua. Tukumbushe tu kwamba maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, maanake yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Tanki lifunikwe vizuri mbu wasizaliane. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Asiye na kuni za kutosha aweza kujaza maji safi yasiyo na tope katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuilaza kwenye jua kali kwa saa 6. Siku za mawingu, iache kwa siku 2.

Swali lenyewe sasa

Tuseme ushirika umejitahidi, umenunua tanki la lita 10,000 na mifereji ya paani. Mvua imenyesha na tanki limejaa. Hiyo ni mitungi 500. Kuzunguka kanisa kuna nyumba 50. Kila nyumba ikiteka mitungi 2 kwa siku, tanki litakauka kwa siku 5. Ikiteka mtungi 1, ni siku 10. Na kiangazi cha kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba kina siku zaidi ya 120.

Hapo ndipo ushirika unapojulikana. Ni nani atateka?

Jibu la kwanza linalosikika, na husikika haraka, ni kwamba watu wa kanisa kwanza. Wao ndio waliotoa sadaka, wao ndio walionunua mabati. Hoja hii si ya wachoyo tu. Mtu aliyeuza kuku wake ili kanisa liezekwe ana haki ya kusikilizwa. Lakini ulizeni wazee jinsi kiwanja hicho kilivyopatikana, na ni akina nani waliokuja kwa harambee. Mara nyingi mtakuta jirani wa dhehebu lingine aliyeleta mchanga, au mzee Mwislamu aliyetoa mbuzi, au asiyesali popote aliyechimba msingi siku tatu. Na kipindupindu kikiingia kijijini hakiulizi mtu amebatizwa wapi. Tena kuna jambo lingine: mfereji ukiwa wa washiriki peke yao, watu watajiandikisha kanisani kwa ajili ya maji. Mtu akibatizwa kwa sababu ya mtungi, sisi hatuoni faida yake kwa mtu huyo wala kwa kanisa. Mfano wa Msamaria katika Luka 10 mnaufahamu, hatuna haja ya kuurudia.

Jibu la pili ni kwamba wateke wote sawa. Hilo linapendeza, lakini hesabu imekwisha kutuonyesha kwamba litamaliza tanki kabla ya wiki mbili. Wenye vijana wenye nguvu na punda watateka wa kwanza. Bibi kizee atafika na kopo lake akute mfereji unalia hewa.

Kwa hivyo tunapendekeza mpango mwingine, nanyi mwaweza kuubishia katika kikundi. Wakati wa mvua, maji yakiwa yanajaa na kumwagika, wateke wote kwa mstari mmoja na kwa bei moja ndogo ya kutengeneza mfereji ukiharibika. Mvua ikikoma, tanki lifungwe na liwekewe nyumba zilizochaguliwa kwa majina: wazee wasio na mtu, wagonjwa, walemavu, mama aliyejifungua juzi. Nyumba 10 zikipata mtungi 1 kila siku, tanki la lita 10,000 litazihudumia siku 50. Mkitaka kuzifikisha Oktoba, mtahitaji tanki la kama lita 24,000. Sasa mnajua pesa mnazotafuta ni za kazi gani, na mnaweza kumwambia mtu yeyote bila kubabaika.

Majina hayo yasichaguliwe na mchungaji peke yake. Atalaumiwa, na pengine kwa haki.

Kusikiliza kabla ya kupanga

Hapa twarudi nyuma kidogo. Tumeongea juu ya maji, lakini pengine shida ya kijiji chenu si maji. Mtajuaje? Ukimwuliza mtu, "Mnataka mradi gani?" atakujibu kile anachofikiri uko nacho. Akiona umekuja na gari lenye picha ya ng'ombe, atasema ng'ombe.

Kuanzia miaka ya 1970 majimbo ya Kanisa Katoliki hapa Kenya yalitumia mafunzo yaliyoitwa DELTA. Walioyaanzisha ni Anne Hope na Sally Timmel, wakifuata mawazo ya mwalimu Paulo Freire wa Brazil. Mwaka 1984 mafunzo hayo yalitolewa kuwa vitabu viitwavyo Training for Transformation. Njia yao ya kusikiliza haikuwa ya fomu na maswali. Watu wachache waliketi mahali ambapo wengine huongea bila kuogopa: kisimani, sokoni, kwenye kinu cha posho, kituo cha matatu. Walisikiliza ni mambo gani yanayowatia watu hasira, hofu, furaha au matumaini. Jambo ambalo watu wanalisema kwa uchungu ndilo watakalolifanyia kazi. Lile wanalolisema kwa adabu tu, mkutano ukiisha nalo limeisha.

Katika Biblia, Nehemia alifanya karibu hivyo. Alipofika Yerusalemu aliuzunguka ukuta usiku na watu wachache kabla ya kumwambia mtu yeyote mpango wake (Nehemia 2). Na kazi ilipokuwa imechangamka, maskini walikuja wakalia kwamba wameweka rehani mashamba yao na watoto wao wanakuwa watumwa kwa sababu ya madeni. Hilo liko katika sura ya 5, na mara nyingi wahubiri huiruka ili wafike mwisho wa ukuta. Nehemia hakuiruka. Aliitisha mkutano, akawakemea wakubwa hadharani, na mashamba yakarudishwa.

Katika kusikiliza, kuna watu ambao hamtawasikia hata mkiketi kisimani mwezi mzima, kwa sababu hawaji kisimani watu wakiwa wengi. Msichana aliyeacha shule akiwa na mimba. Mama ambaye watu wananong'ona ati ana ugonjwa. Kule Uganda, mwaka 1992, kasisi wa Kianglikana Gideon Byamugisha alisema mbele ya watu kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo viongozi wa dini katika Afrika walikuwa hawathubutu. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa walioanzisha mtandao wa viongozi wa dini Afrika wanaoishi na virusi hivyo au walioguswa navyo. Mgonjwa hukaa kimya kulingana na maneno anayoyasikia mimbarini. Kama kila Jumapili anaambiwa ugonjwa wake ni adhabu, hatafika kwenye mstari wa maji, hata kama jina lake limeandikwa wa kwanza.

Kamati na pesa

Kamati ya mradi isiwe ile ile ya wazee wa kanisa. Iwe na washiriki, lakini pia jirani wasio washiriki, na akina mama wasiwe wa kupika chai tu, maana wao ndio wachotaji. Mkitaka kujiandikisha kuwa kikundi, sheria ya mwaka 2022 kuhusu usajili wa vikundi vya jamii inataka watu wasiopungua 10. Ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi itawaeleza zaidi.

Pesa ziwe na akaunti yake, mbali na sadaka. Zisikae katika simu ya mtu mmoja, hata akiwa mtakatifu. Watia sahihi wawe watatu, na mmoja wao asiwe wa kanisa hilo. Kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni, kwa maandishi makubwa, kwa lugha ambayo watu wanaisoma.

Je, mwanasiasa akija na bahasha? Hili ni gumu, maana tanki linaweza kununuliwa asubuhi moja. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa shilingi milioni 5.8 zilizokuwa zimetolewa au kuahidiwa na viongozi wa siasa kwa parokia moja, likasema zilizokwisha kutolewa zirudishwe. Wengi walishangaa. Lakini tanki likiwa na jina la mheshimiwa, aliyempigia kura mpinzani wake atateka akiangalia nyuma. Kama mheshimiwa ana pesa za kusaidia kata nzima, aziseme katika bajeti ya kaunti, ambako kila mtu aweza kuuliza maswali.

Na hapo ushirika una kazi nyingine. Tanki la kanisa lisiwe sababu ya serikali kulala. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kila mwaka serikali ya kaunti hupaswa kupeleka mpango wake wa maendeleo katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Tangazo la mkutano mara nyingi hufika siku mbili kabla, likabandikwa kwa ofisi ya chifu na hakuna anayelisoma. Lisomwe kanisani pamoja na matangazo mengine. Mchague watu watano waende, wakiwa na hesabu ya nyumba 50 na siku 120 mkononi. Ofisa aweza kuyapita malalamiko, lakini hesabu ya nyumba na siku itamtaka ajibu.

Kazi ya kikundi kabla ya kukutana tena

Pimeni paa la kanisa au la shule kwa kamba, mpige hesabu kama tulivyoonyesha. Andikeni majina ya nyumba 10 ambazo zingewekewa maji ya kiangazi, kila mtu aandike karatasi yake bila kuangalia ya mwenzake, kisha mlinganishe. Hesabuni katika majina hayo ni wangapi hawasali kanisani kwenu. Halafu jadilianeni: ni nani anayemjua mtu ambaye angestahili kuwemo, na karatasi zote zimemwacha?