Goti Likiumia, Pima Nguvu za Paja

Desemba 2016, Yannick Bolasie, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Kongo aliyekuwa Everton ya Uingereza, aliumia goti katika mechi dhidi ya Manchester United. Ligamenti msalaba ya mbele ilikatika. Alirudi kucheza Desemba 2017, baada ya mwaka na zaidi, tena akiwa na madaktari na vifaa vya klabu tajiri. Kijana wa mtaa wa Makomeno, Lubumbashi, anayejipa miezi mitatu kwa sababu goti haliumi tena, anajidanganya. Maumivu hutangulia kuondoka. Nguvu za paja huchelewa kurudi.

Kwa nini paja hudhoofika

Ligamenti hii huunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na huzuia muundi usiteleze mbele. Ikikatika, misuli hulazimika kubeba sehemu ya kazi yake. Misuli ya nyuma ya paja huvuta muundi nyuma. Ile ya mbele hunyoosha goti na kupokea uzito wa mwili unaposhuka ngazi au kutua baada ya kuruka.

Misuli ya mbele ndiyo hukonda upesi, wala si kwa uvivu wa mgonjwa. Goti lililovimba hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, na neva hupunguza amri inayokwenda kwenye misuli. Unajaribu kukaza paja, nalo halitii. Kwa hiyo kutoa uvimbe ni hatua ya kwanza ya kurudisha nguvu.

Siku za mwanzo

Funga barafu kwa kitambaa, uiweke gotini dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Inua mguu, tumia magongo ukichechemea. Usikande goti kwa maji ya moto, wala usimruhusu mtu alivute. Picha ya radio (eksirei) huonyesha mifupa tu. Ikitoka safi, usidhani ligamenti iko salama. Mwone daktari ili alipime goti kwa mikono. Lubumbashi unaweza kuanzia Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu.

Je, lazima upasuliwe? Si kila mtu. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, vijana 59 walianza na mazoezi huku mlango wa upasuaji ukiwa wazi. Baada ya miaka miwili, 36 kati yao walikuwa hawajapasuliwa. Upasuaji huwafaa zaidi wale ambao goti lao hulegea ghafla, au wanaotaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka, kama mpira wa miguu au nzango. Hata anayesubiri kupasuliwa ajenge paja kwanza: anayeingia chumba cha upasuaji na paja dhaifu hutoka na deni kubwa zaidi.

Mazoezi ya nyumbani

Mtaalamu wa kinezi, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ndiye atakayepanga kiasi chako. Kwa kawaida njia huwa hii:

1. Kaa mguu ukiwa umenyooka, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti. Ikandamize taulo kwa goti, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi.
2. Weka kisigino juu ya taulo ili goti linyooke kabisa. Goti lisilonyooka humnyima mtu mwendo mzuri.
3. Uvimbe ukishuka, simama na kukaa kwenye kiti polepole, kisha panda na kushuka kidato kimoja.
4. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno: hapo unajenga nyuma ya paja. Kama ulipasuliwa na kano iliyopandikizwa mahali pa ligamenti ilitolewa huko, subiri ruhusa.
5. Ongeza uzito kidogo kidogo. Mfuko wa mchanga mgongoni unatosha kuanzia.

Goti likiamka limevimba kuliko jana, ulizidisha. Punguza, usiache.

Kabla ya kurudi uwanjani

Kipimo kinachotumika sana ni kulinganisha miguu miwili: uliojeruhiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Ukiruka kwa mguu mzima ukafika sentimita 150, ule mwingine ufike 135 na utue bila kuyumba. Lakini nyonga na kifundo huweza kuuficha udhaifu wa paja katika kuruka, kwa hiyo mwombe mtaalamu apime pia nguvu ya kunyoosha goti. Tena, mguu mzima nao hudhoofika kwa kupumzika. Matokeo yake yaandikwe mapema.

Aliyepasuliwa asirudi kwenye mechi kabla ya miezi tisa, hata akijiona yuko sawa. Wasichana wajihadhari zaidi, maana ligamenti hii hukatika kwao mara nyingi kuliko kwa wavulana wa mchezo uleule.

Nenda hospitali bila kusubiri

Goti likikwama lisinyooke. Ukishindwa kabisa kukanyaga. Ukipata homa na goti likawa jekundu na moto. Au shavu la mguu likivimba na kuuma baada ya upasuaji. Pumzi ikikukatika ghafla au kifua kikiuma, huenda damu imeganda na kufika mapafuni: hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.