Namoratunga: Mawe Yenye Chapa Kando ya Mto Kerio

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi naongeza kuwa hata kutembea kidogo kunafunza, ikiwa mtembezi ana macho na masikio. Wanachama wenzangu, hebu niwasimulie somo nililolipata likizo ya Agosti mwaka jana, nilipoalikwa na mwenzangu wa dawati kwao Lokori, katika kaunti ya Turkana.

Kutoka Kitale tulipanda gari hadi Lokichar, kisha tukakata kuelekea mashariki. Nilidhani nitaona jangwa tupu. Kumbe Mto Kerio, unaoteremka kutoka nyanda za juu kuelekea Ziwa Turkana, umepambwa kwa mikoma na migunga. Msimu ule mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, na watu walichimba visima humo humo mchangani ili wapate maji ya kunywa na ya kunywesha mifugo.

Asubuhi ya pili babu yake mwenzangu alitupeleka Namoratunga. Jina hilo la Kiturkana maana yake ni watu wa mawe. Wenyeji husimulia kwamba hapo zamani watu walikuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe papo hapo. Tulipofika niliona makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe bapa yaliyosimamishwa wima. Juu ya baadhi ya mawe hayo, na kwenye miamba iliyo karibu, kuna alama: duara, mistari, mikunjo, na maumbo mengine ambayo sina jina lake.

Hapa tutofautishe maneno. Michoro ya mwambani ni ya aina mbili. Kuna ile ya kupakwa rangi, kama ya Kondoa kule Tanzania. Halafu kuna ile ya kuchongwa, ambapo fundi hugongagonga jiwe kwa jiwe jingine mpaka ngozi nyeusi ya mwamba itoke. Ya Lokori ni ya kuchongwa.

Alama zilikuwa zimefifia kwa jua, nami nilitaka picha nzuri ya gazeti letu. Nikatoa kipande cha chaki mfukoni ili nizijaze nyeupe. Ala! Mzee alinishika mkono kabla sijagusa jiwe.

"Kijana, unafanya nini?"

"Babu, nataka zionekane vizuri kwa picha."

"Ukipaka chaki, kesho mtu atasoma chaki yako. Hatasoma jiwe."

Niliona haya, nikairudisha chaki mfukoni. Mzee hakunigombeza zaidi. Alinyosha fimbo akaonyesha alama moja. "Hii naijua. Ni chapa ya ng'ombe wa ukoo wetu." Mwenzangu akanieleza kwamba kwa Kiturkana neno emachar ni ukoo, na pia ni chapa inayotiwa mnyama kwa chuma cha moto. Kwa hiyo ukiiona chapa, umeujua ukoo. Ng'ombe akipotea au akiibwa, ngozi yake yenyewe ndiyo shahidi.

Mimi nikaruka kwa furaha: "Basi waliochonga ni babu zenu!"

Mzee akatikisa kichwa. "Sikusema ni babu zetu. Nimesema alama naijua."

Wasomaji wapenzi, jibu hilo lilinikaa kichwani. Niliporudi shuleni nilitafuta habari maktabani. Nikakuta kwamba mwaka 1977 watafiti Lynch na Robbins waliandika kuwa alama nyingi za Namoratunga zinafanana na chapa za mifugo za Waturkana wa siku hizi. Lakini makaburi ya Lokori walikadiria kuwa na umri wa miaka ipatayo 2,300, ilhali Waturkana walifika sehemu hizo karne chache tu zilizopita, wakitoka upande wa Karamoja. Sasa itakuwaje? Huenda wafugaji wa kale waliwaachia wengine alama zao. Huenda pia makaburi ni ya kale, lakini alama zilichongwa baadaye na wachungaji waliopita hapo. Tena umbo kama duara linaweza kubuniwa na watu wawili wasiojuana kabisa. Umri wa kaburi si lazima uwe umri wa mchoro.

Wataalamu nao hujisahihisha. Mawe yaliyosimamishwa ya Kalokol, karibu na ziwa, mwaka 1978 yalisemwa kuwa kalenda ya nyota ya mwaka 300 hivi kabla ya Kristo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mahali pa nguzo za mawe kuzunguka Ziwa Turkana ni pa kale zaidi, yapata miaka 5,000. Pale Lothagam Kaskazini, ripoti ya mwaka 2018 ilisema wamezikwa watu wasiopungua 580.

Naam, yule mzee hakutaja mtafiti yeyote, lakini alinifundisha kanuni ya kwanza ya utafiti: sema ulichokiona, usiongeze unachokitamani. Kanuni ya pili ni mikono mbali. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuharibu mahali kama hapo. Lakini sheria iko Nairobi, na jiwe liko Lokori. Anayelilinda ni yule anayepita hapo na chaki, msumari au kisu mfukoni, akaamua kutovitoa. Mwamba ukikwaruzwa haushonwi kama shati.

MASWALI YA KUJADILI
1. Eleza tofauti kati ya kupaka, kuchonga na kutia chapa.
2. Kwa nini mzee alikataa kusema waliochonga ni babu zake?
3. Uliza nyumbani kwenu: ukoo wenu ulitambuaje mifugo yake zamani? Andika aya moja, uilete chamani.