Kengele Zikizidi: Kupunguza Tahadhari Zisizo za Lazima katika Mifumo ya Huduma

Ukusanyaji wa mapato, kumbukumbu za wagonjwa na uendeshaji wa pampu za maji ni huduma ambazo siku hizi hutegemea kompyuta. Nyuma yake huwapo programu za ufuatiliaji zinazomtumia fundi ujumbe zinapobaini hitilafu. Mwananchi anayeambiwa dirishani kwamba mtandao haupatikani hudhani fundi hana habari. Yawezekana anazo, tena nyingi kupita kiasi, na ile iliyohitajika imezama miongoni mwa zisizo na kazi.

Hatari hiyo si ya kubuni. Tarehe 24 Julai 1994, mlipuko ulitokea katika kiwanda cha kusafishia mafuta karibu na Milford Haven, nchini Uingereza, na watu 26 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walipokea tahadhari 275, yaani wastani wa 25 kila dakika. Hakuna binadamu awezaye kusoma, kupima na kutenda kwa kasi hiyo. Kengele zilikuwapo, kilichokosekana ni uwezo wa kutofautisha kubwa na ndogo.

Swali la kwanza kwa kila tahadhari ni hili: ikifika saa nane usiku, fundi atafanya nini? Ikiwa hakuna la kufanya, basi iandikwe katika kumbukumbu za mfumo, isomwe asubuhi, na simu ya fundi iachwe kimya. Kipimo hiki kimoja huondoa mengi.

Zipo pia tahadhari za kweli zinazojirudia bure. Chukua tangi la maji lililopangiwa kutoa taarifa kina kikishuka chini ya asilimia 20. Maji yakichezacheza kati ya 19 na 21, fundi atapata ujumbe, kisha wa kufuta, kisha mwingine, usiku kucha. Dawa yake ni kuweka mipaka miwili: tahadhari itolewe kwenye 20, lakini isifutwe mpaka maji yafike, tuseme, 30. Vilevile mfumo waweza kusubiri dakika tano kabla ya kupiga kelele, kwani hitilafu nyingine hupona zenyewe. Kwa moto au gesi, bila shaka, hakuna kusubiri.

Umeme ukikatika katika kituo, vifaa vyote vilivyomo hulalamika kwa pamoja. Mfumo uliopangwa vizuri hujua kwamba vyote hutegemea chanzo kimoja, hivyo hutuma ujumbe mmoja unaotaja chanzo hicho.

Hata hivyo, wapo wanaotibu kelele kwa kuzima kila kitu, na hilo ni baya zaidi. Ukimya waweza kumaanisha kwamba huduma ni nzima, au kwamba programu ya ufuatiliaji yenyewe imekufa. Kwa sababu hiyo programu hupangiwa kutuma ishara ya uhai kwenye kompyuta nyingine kila baada ya dakika chache. Ishara hiyo ikikosekana, ndipo fundi huamshwa.

Taarifa ya mkazi nayo huingia katika hesabu hii. Anayeripoti kukatika kwa huduma akitaja mahali na saa ilipoanza, fundi huweza kuilinganisha na kumbukumbu za mfumo na kuona ni tahadhari ipi ilipaswa kulia lakini haikulia.