Vidokezo Saba vya Kufaidi Sanaa za Ufundi Ukiwa Kalemela

Ukisema unapenda michoro na vinyago, watu watakuelekeza Dar es Salaam: Nafasi Art Space kule Mikocheni, au vibanda vya Tingatinga vya Oysterbay. Ni kweli huko kuna mambo. Ila wewe uliyeko Kalemela, katikati ya ziwa na mashamba ya pamba ya Busega, una ya kuona tele bila kwenda mbali hivyo. Anza hivi.

1. Panda basi la Mwanza, shuka Kisesa. Ukishapita Magu, jiandae. Pale Kisesa chukua bodaboda ikupeleke kilimani Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi ya kuyaanzisha miaka ya 1950 akishirikiana na wazee wa Kisukuma, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Usikimbilie vitu vya ndani. Tazama kwanza majengo yenyewe. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimo ngoma na mataji ya tawala za zamani. Katika kanisa la hapohapo, altare nayo imechukua umbo la kiti cha mtemi. Kisha kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na banda la vyama vya ngoma ambalo mimi ningelipa nusu siku nzima. Muulize mwongozaji maswali mpaka achoke. Maelezo yake ndiyo yanayokifanya kigoda kiache kuwa kigoda tu.

2. Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Juni. Ngoma za Bulabo hapo Bujora huanza pamoja na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na hapo Bagika na Bagalu hupambana uwanjani. Hao ni wafuasi wa vyama viwili ambavyo simulizi huvirudisha kwa Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya 19. Anayeshinda ni anayevuta watu wengi zaidi, kwa hiyo kila mbinu hutumika: nyoka hai, nungunungu, mavazi ya ajabu, na sanamu za mbao, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa. Sanamu hizo zilichongwa zitikisike mbele ya umati, vumbi likitimka. Ukiiona moja imetulia ndani ya kabati la kioo, ikumbuke ikitikisika hivyo. Zaidi ya hapo, Juni wakulima wengi wanakuwa wameanza kuuza pamba, na nauli haisumbui sana.

3. Jua kwamba kuta zetu zilichorwa zamani. Chama cha wacheza na nyoka kilikuwa na nyumba za kuwaingiza wanachama wapya, na kuta zake za ndani zilijaa michoro ya nyoka, watu na viumbe vya hadithi. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi serikalini enzi za Tanganyika, alitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Wageni wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia katika nyumba hizo. Mtu akikuambia Msukuma hana mapokeo ya uchoraji, mtajie kitabu hicho.

4. Mshike mama mmoja wa masonzo. Vikapu hivi husukwa na wanawake, vimebana vizuri, na nakshi zake hufuata hesabu ambayo msukaji anayo kichwani. Msalimie vizuri, "Mwangaluka, mayu," kaa, mtazame mkono unavyokwenda. Swali la bei lije mwisho. Na ukishalisikia jibu, tafadhali usilikate katikati: kazi ya siku nyingi haistahili kupigwa bei kama fungu la nyanya. Muulize pia jina lake, uliandike. Makabatini mwa makumbusho ya dunia mmejaa vikapu vya Afrika ambavyo hakuna anayejua nani alivisuka, na jambo hilo linaniuma.

5. Tazama mabango na mitumbwi. Kinyozi aliyechorewa vichwa ukutani, duka lenye herufi za kivuli, mtumbwi wenye jina ubavuni pale ufukweni mwa Ghuba ya Speke: yote hayo ni kazi za mikono ya watu unaowafahamu. Piga picha sasa. Mabango ya plastiki ya kuchapishwa yanakuja kwa kasi, na mafundi wa brashi wanapungua.

6. Jaribu mwenyewe, vifaa viko dukani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake umeenea dunia nzima. Rangi ya mafuta, brashi mbili na kipande cha hadibodi havikosekani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wape watoto wakati wa likizo ya Juni, na usiwaambie wachore twiga. Wachore ng'ombe wa babu, au gari la pamba lililokwama topeni.

7. Ukinunua, tunza. Kinyago usikianike juani wala usikiweke chini moja kwa moja. Jua hukipasua na mchwa hukimaliza. Kiinue juu ya rafu, kifute kwa kitambaa kikavu. Isonzo lisilotumika litundike penye hewa, mbali na moshi wa jikoni. Nyuma ya mchoro andika kwa kalamu isiyofutika: jina la mchoraji, kijiji, mwaka.