Kila Jani na Maelezo Yake

Wanafunzi wenzetu, programu nyingi za ordinatere hupanga majina kama mti: darasa ni tawi, mwanafunzi ni jani. Na kama Ilunga ni wawili? Tukikosea jani, pointi za mmoja zinaenda kwa mwingine. Basi kila jani liwe na maelezo madogo, yatokee mshale ukitua juu yake: mwaka wa kuzaliwa, jina la baba.

Katika Java mti huitwa JTree. Kwanza tuuandikishe kwa ToolTipManager. Bila hiyo hakuna kitu kinaonekana. Kisha mchoraji wa majani apewe maneno kwa setToolTipText. Mchoraji ni mmoja kwa majani yote: tumpe maneno mapya kila jani, ama jani litabeba maelezo ya mwenzake.